Safu Kumi na Mbili za Mwalimu Nduwayo

Ukiuliza hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, nani anajua kutengeneza kompyuta, watakutajia watu watano au sita, na Kabibi hakosi kuwa mmoja wao. Hana kibanda sokoni. Anakuja nyumbani kwako na begi la mgongoni lenye bisibisi, brashi ya kupakia rangi na diski moja ya akiba iliyofungwa kwenye kitambaa. Kabla hajagusa kitu atakuomba ukae karibu naye, umwonyeshe kwa mkono wako mwenyewe kila mahali unapoweka mambo yako ndani ya hiyo mashine. Wapo wanaochoka na maswali yake. Wapo wanaomwambia kwamba yule wa barabarani anamaliza kazi kwa nusu saa. Yeye anasubiri tu mpaka wamwonyeshe.

Zamani hakuwa hivyo, na mimi niliyesali naye kanisa moja kwa miaka tisa najua ni lini alibadilika.

Kabibi ni mtu wa Fizi, Kongo. Alifika Malawi na mama yake akiwa na miaka kumi na mmoja, wakapewa kiwanja, wakafyatua matofali, wakajenga chumba na sebule. Mama yake ni fundi cherehani, na alitaka binti yake awe fundi cherehani vilevile, lakini mtoto alipenda zaidi kuifungua ile cherehani kuliko kushona nayo. Alipofika miaka ishirini na mbili lilianzishwa darasa la kompyuta kambini, la miezi sita, chini ya paa la bati lililokuwa likiwaka joto adhuhuri hadi mashine zinajizima zenyewe. Walianza wanafunzi thelathini na wawili. Waliomaliza walikuwa tisa, na Kabibi akiwa miongoni mwao. Tangu hapo mikono yake ikawa na kazi. Kompyuta za Dzaleka ni kuukuu, nyingi zimeshapita kwa watu watatu au wanne kabla ya kufika huku, na ugonjwa wao mkubwa ni mmoja: zinakuwa nzito. Unabonyeza, unangoja. Unabonyeza tena, inaganda.

Kabibi alijua njia nyingi za kuzirudishia mwendo, lakini njia aliyoizoea ilikuwa ile fupi, yaani kufuta kila kitu kilichomo, kuweka mfumo upya na kumkabidhi mwenyewe mashine nyepesi kama siku ya kwanza. Watu walifurahi. Jina lake likaenea.

Mwezi wa sita, majira ya baridi na vumbi, aliitwa nyumbani kwa Mwalimu Nduwayo.

Mwalimu Nduwayo ni Mrundi wa Rumonge, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyefundisha shule ya msingi huko kwao kabla ya kukimbia. Kambini hakupata darasa la kufundisha, akawa mzee wa kanisa, na kazi aliyojichagulia mwenyewe ilikuwa ya makaburini. Misalaba ya mbao haidumu katika udongo wa wilaya hii ya Dowa. Mvua ya mwaka wa kwanza inafuta rangi, na ya mwaka wa pili inakuta mchwa wamekwisha kula mti wenyewe. Tuta linashuka, majani yanaota, na mtu aliyezikwa hapo anakuwa ardhi kama ardhi nyingine. Mwalimu aliona hayo yakimtokea rafiki yake mmoja, mwalimu mwenzake, aliyefia kambini, ambaye kaburi lake yeye Mwalimu alishindwa kulitambua baada ya miaka mitatu tu. Ndipo akaanza kuandika. Alihesabu safu, akapima kwa hatua zake kutoka kwenye nguzo ya saruji iliyo pembeni, na kwa kila kaburi akaandika jina, jina la baba na la mama, mahali mtu alikozaliwa na siku aliyozikwa.

Mwanzoni aliandika kwenye madaftari. Mwaka mmoja upepo ulibeba bati la nyumba yake wakati wa mvua, madaftari yakalowa, wino ukatiririka. Kanisa liliponunua kompyuta mpya likampa ile ya zamani, ya mezani, na Mwalimu, kwa vidole viwili, akahamishia humo kila kilichosomeka. Alikuwa na imani kubwa na mashine ile. Alituambia kwamba haiwezi kulowa.

Siku Kabibi alipoitwa, Mwalimu hakuwepo. Kulikuwa na mazishi. Aliyempokea ni mkewe, Mama Léoncie, akamkaribisha kiti na chai, akamweleza shida. Kompyuta unaiwasha na kuiacha, unakoka moto, ukapika nsima, yaani ugali, ukala, ndipo inafunguka. Tena ilikuwa na sauti ndani yake, kama mtu anayegonga kwa ukucha.

Kabibi alifungua boksi. Vumbi lilikuwa jingi kama unga wa kinu, akalitoa kwa brashi. Feni ilikuwa imekaza, akaitia tone la mafuta ya cherehani. Akaiwasha, ikachukua robo saa kufunguka, akatazama programu zinazojianzisha zenyewe, akazikuta kumi na moja, akazizuia tisa. Akaizima, akaiwasha tena na kuangalia saa. Robo saa ilikuwa imepungua hadi dakika kumi na moja. Bado ilikuwa nzito. Diski ilikuwa karibu kujaa, na alichokiona kwa haraka ni filamu za wajukuu.

Hapo palikuwa na jambo moja ambalo fundi makini angelifanya. Angeipima diski yenyewe, sehemu kwa sehemu, ajue kama ni nzima au ni mgonjwa. Kipimo hicho kinachukua saa mbili, na ile sauti ya ukucha ilikuwa sababu tosha ya kukifanya. Lakini Kabibi alikuwa ameahidi kufika nyumba nyingine saa kumi, na umeme ulikuwa umekatika mara mbili juma lile. Akamgeukia Mama Léoncie.

“Mama, kuko kitu ya maana humu ndani?”

“Ni mafilme ya batoto na nyimbo. Toa yote, binti, mradi itembee.”

Kabibi alitazama mahali watu wengi wanapoweka vitu vyao, akakuta barua nne za kanisa, akazinakili kwenye flashi yake. Hakutafuta zaidi. Hakujua kwamba Mwalimu, kwa kuogopa wajukuu wasije wakafuta kazi yake, alikuwa ameificha ndani ya folda ya printa, mahali ambapo hakuna mtoto angetamani kupafungua. Akafuta diski yote. Akaweka mfumo upya, akarudisha zile barua nne. Ilipowaka kwa chini ya dakika moja Mama Léoncie alipiga makofi, akauliza kama iko tayari, akaambiwa iko tayari, akamfungia viazi vitamu kwenye kipande cha kitenge. Kabibi alifika kwenye ile nyumba nyingine saa kumi kamili.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Mwalimu alimfuata kwa miguu. Kutoka kwake hadi kwa kina Kabibi ni mwendo mrefu kwa mzee mwenye fimbo. Alikataa kuketi. Alisimama mlangoni akavua kofia.

“Ile mashini imekuwa mbio kabisa, aksanti sana,” alisema. “Lakini bantu bangu iko wapi?”

Kabibi alifikiri anaulizia wajukuu. “Bantu gani, Mwalimu?”

“Ba kule makaburi. Safu makumi mbili na tisa. Nilibaweka ndani ya printa.”

Kabibi ameniambia kwamba hakuhitaji kuuliza tena. Alielewa jambo lote kwa mara moja. Mama yake aliyekuwa akishona chumbani alisimamisha cherehani. Mzee aliendelea kumtazama bila hasira, kama anayengoja aonyeshwe mlango wa kuingilia.

Akamwambia ukweli. Akasema amefuta, na kwamba kabla ya kufuta alimuuliza mama wa nyumbani lakini hakumngoja yeye mwenyewe. Kisha akamuuliza kama kompyuta inawaka saa hiyo. Mwalimu akasema ndiyo, na kwamba jioni iliyopita wajukuu walikuwa wamekwisha kuijaza filamu mbili mpya.

Kabibi aliondoka mbio, akamwacha mzee na mama yake. Alifika kwa Mwalimu, akachomoa waya wa kompyuta ukutani bila hata kuizima. Jambo hilo alilifundishwa darasani na alilikumbuka. Kilichofutwa kwenye diski hakiondoki papo hapo. Kinachofutwa kwanza ni alama inayosema kiko wapi, chenyewe kinabaki pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kila dakika mashine ile ilipowaka, na kila filamu iliyoongezwa, majina yalikuwa yakifunikwa.

Mama Léoncie alikuja kutoka jikoni akauliza kuna nini. Alipoelezwa, aliketi chini.

“Mi nilikuuliza kama iko tayari,” alisema. “Ukasema iko tayari.”

Kabibi angeweza kumkumbusha maneno aliyoyasema mwenyewe, ya kutoa yote. Hakuyasema. Alitoa diski kwenye boksi, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kwenye begi.

Kazi ya kufufua vitu vilivyofutwa ilikuwa imempita uwezo. Alimjua fundi mmoja tu aliyekuwa na vifaa vya kazi hiyo, Bambo Kachale, yaani Bwana Kachale, wa mtaa wa Area 18 huko Lilongwe, aliyewahi kumuuzia vipuri. Lakini kwa mkimbizi, kwenda Lilongwe si suala la kupanda gari tu. Inatakiwa karatasi ya ruhusa, nayo ina foleni yake. Kabibi alingoja siku nne. Siku hizo hakuchukua kazi ya mtu yeyote. Mama yake anasema alikuwa akiweka lile begi kitandani upande wa ukutani, akilala nje yake kama mtu anayelala na mtoto mchanga. Jumapili alikuja kanisani akakaa benchi la nyuma. Habari ilikuwa imekwisha enea, na watu waliokuwa na ndugu katika safu zile walikuwa wakigeuka kumtazama. Hakuna aliyemtukana. Nadhani angependelea kutukanwa.

Bambo Kachale anafanyia kazi katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, madirisha yote wazi. Kabibi alimweleza kwa Kichewa kilichotokea, bila kujipunguzia kosa. Yule bwana hakumlaumu. Aliiunganisha diski kwenye mashine yake kwa namna ya kusoma tu, isiweze kuandikwa kitu, akaanzisha programu ya kutafuta, akamwambia wataona mchana.

Walingoja hadi saa sita mchana. Faili zilirudi bila majina yao, zimebaki na namba tu, elfu na mia kadhaa, ikabidi wazifungue moja moja. Nyimbo. Vipande vya filamu. Picha za ubatizo. Barua ya Mwalimu kwa ndugu yake aliyebaki Rumonge, ambayo Kabibi aliifunga alipouona mstari wa kwanza. Zikaja faili ambazo zilipofunguliwa zilitoa alama zisizosomeka, ukurasa baada ya ukurasa. Katika mmoja wa kurasa hizo, katikati ya ule uchafu, lilikuwamo jina moja kamili, Nizigiyimana, halafu uchafu ukaendelea.

Ilipofika saa tisa alasiri walifungua namba ambayo Kabibi anaikumbuka mpaka leo, na orodha ikatokea. Safu ya kwanza, kaburi la kwanza, hatua tatu kutoka nguzo. Kabibi aliviringisha orodha chini haraka. Ya tano. Ya kumi. Ya kumi na saba. Hapo ikaisha. Ilikuwa nakala ya zamani, ya miaka minne nyuma, ambayo labda mashine iliihifadhi yenyewe siku umeme ulipokatika. Safu kumi na saba zilikuwa zimepona. Kumi na mbili za mwisho, zenye watu wa miaka ya karibuni, hazikuwepo popote.

Bambo Kachale alitafuta mara ya pili kwa njia nyingine na hakupata zaidi. Kisha akaipima diski kama ilivyopaswa kupimwa tangu mwanzo, akamwita Kabibi atazame. Sehemu nyekundu, zilizoharibika, zilikuwa nyingi. Diski ilikuwa inakufa. Ndiyo iliyokuwa ikigonga, na ndiyo iliyoifanya mashine kuwa nzito, kwa kuwa ilikuwa ikisoma neno moja mara ishirini kabla ya kulipata. Akamwambia kwamba hata kama asingeifuta, ingezimika yenyewe kabla ya mvua, na zote ishirini na tisa zingekwenda nayo.

Alisema hivyo ili kumpa nafuu. Kabibi alisema zikomo, yaani asante, akaweka zile safu kumi na saba kwenye flashi mbili, moja mfukoni na moja kwenye begi. Lakini ile nafuu hakuichukua. Aliniambia: kama angeipima siku ile, angejua inakufa, na jambo la kwanza ambalo angefanya ni kuokoa kila kilichomo, hadi ndani ya printa. Kifo cha diski hakikumwondolea lolote.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Mwalimu. Alitoa diski iliyo nzima kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe, ile aliyoifanyia kazi, akaifunga kwenye ile ya Mwalimu, akaweka orodha mahali panapoonekana. Kisha akaketi mbele ya wote wawili akawaeleza: zipi zimepatikana, zipi hazitapatikana, na kwamba diski ilikuwa mgonjwa lakini yeye hakuipima. Mama Léoncie aliinuka akaenda uani. Mwalimu alisogeza uso karibu sana na kioo cha kompyuta, maana macho yake yalikuwa yameanza kufifia.

“Safu kumi na mbili,” alisema. “Ni bantu kama mia tatu.”

“Ndiyo, Mwalimu.”

“Mi naweza kukumbuka kama nusu. Lakini sioni tena vizuri. Utaniandikia?”

Walianza siku ya tatu, asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Kabibi alibeba daftari na kamba aliyoipima, kwa sababu hatua za mzee zilikuwa zimefupika na hazikulingana tena na zile za zamani. Walisimama mwanzoni mwa safu ya kumi na nane. Mwalimu aligusa tuta kwa fimbo, akasema jina. Kabibi akaandika. Tuta lililofuata, jina. La tatu, Mwalimu akasema hapana, hilo halijui, waandike alama ya kuuliza. Siku ile walipata majina tisa na alama za kuuliza kumi na moja.

Kwa hiyo Kabibi akaanza kwenda kwa watu. Alipita nyumba kwa nyumba, kwa Wakongo na kwa Warundi, akitaja mwaka na mwezi aliokisia Mwalimu, akiuliza nani alizika. Ilikuwa kazi ngumu kuliko yoyote aliyowahi kufanya, kwa kuwa kila mlango ilibidi aeleze kwanza kwa nini anauliza. Alisema kila mara kwamba orodha ilikuwepo na ni yeye aliyeifuta. Kuna nyumba walimfungia mlango. Kuna baba mmoja alimwambia asirudi. Lakini wengine waliingia ndani wakatoka na cheti, au picha ya mazishi kwenye simu inayoonyesha mti au ukuta nyuma, na kwa picha hizo waliweza kupata mahali.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, Mama Léoncie aliwafuata makaburini na chupa ya uji. Hakuwa amemsemesha Kabibi tangu siku ile. Alimmiminia mumewe, akamimina kikombe cha pili akakishika bila kukitoa.

“Ni mi nilisema toa yote,” alisema, akitazama matuta. “Na we haukusema kwa mtu hata moja. Miezi miwili nangojea useme.”

Kabibi alijibu kwamba mama hakuwa fundi, fundi alikuwa yeye. Mama Léoncie alimpa kikombe. Hawakuzungumza zaidi kuhusu jambo hilo. Sitaki kusema kwamba wakawa marafiki. Wanasalimiana, basi, na kila mmoja anajua mwenzake anabeba nini.

Katika safu ya ishirini na mbili kulikuwa na kaburi fupi ambalo Mwalimu alilikumbuka. Alisema katika orodha ya kwanza alikuwa ameandika tu mtoto wa Capitoline. Capitoline anauza nyanya sokoni, ni mwanamke mkimya. Kabibi alimwendea mchana ambapo wateja ni wachache, akamweleza, akamuuliza kama mahali ni hapo. Capitoline alifunika meza yake kwa plastiki, akamwambia twende. Walipofika alilitambua umbo la ardhi, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya tuta. Mtoto alikuwa ameishi siku mbili, na siku ya kumzika watu walikuwa na haraka kwa sababu ya mvua, hakuna aliyemuuliza mama anamwitaje.

“Mi nilikuwa nimeshamupa jina,” alisema. “Ni Amanda. Sikumuambia mtu.”

Kabibi aliandika. Capitoline alimwomba amwonyeshe jinsi linavyoonekana kwenye karatasi, akalitazama. Hajui kusoma, lakini aliuliza ni herufi ngapi, akazihesabu kwa kidole.

Mwalimu aliposomewa jioni kile kilichoandikwa, alisema kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuuliza, na kwa miaka yote ile hakuuliza. Baada ya hapo alimwambia Kabibi warudie hata zile safu kumi na saba zilizopona, kaburi kwa kaburi, maana huenda na humo kulikuwa na watu alioandika nusu nusu. Walikuta thelathini na wanne wa namna hiyo.

Mvua ilipoanza mwezi wa kumi na moja walikuwa wamefika safu ya ishirini na saba. Walisimama hadi udongo ukauke, wakamalizia mwaka uliofuata. Kufikia hapo Mwalimu alikuwa haoni tena maandishi. Jumapili baada ya ibada Kabibi alimsomea, naye alisikiliza ameinamisha kichwa, akisahihisha jina la baba, au kijiji, au namna Warundi wanavyolitamka jina ambalo Kabibi alilitamka kama Wakongo. Orodha sasa iko katika kompyuta ya Mwalimu, iko kwa Kabibi, iko kwenye flashi ndani ya kopo la Mama Léoncie, na nakala ya karatasi iko kanisani ndani ya mfuko wa plastiki. Kila mwezi Kabibi anafungua nakala zote tatu za mashine aone kama zinafunguka kweli.

Makaburi kumi na tisa hayakupata jina. Yameandikwa kwa kipimo cha kamba na neno hajulikani.

Mwaka huu, mwezi wa tano, alikuja mwanaume aitwaye Bienvenu, aliyekuwa na biashara ndogo Biwi, huko Lilongwe, kabla wakimbizi hawajaamriwa kurudi kambini, akimtafuta dada yake aliyezikwa yeye akiwa safarini. Kabibi alimtafutia jina, akampeleka hadi safu ya ishirini na nne, akapima kwa kamba kutoka nguzo, akasimama kwenye tuta la sita. Bienvenu alimuuliza kama ana hakika.

Nilikuwepo, nilikuwa nimewasindikiza. Angeweza kusema ndiyo, na mtu angeondoka na moyo mwepesi. Kabibi alimwambia kwamba orodha ya kwanza ilipotea kwa kosa lake, na kwamba safu hii imeandikwa upya kwa kumbukumbu za watu watatu. Wawili walisema ni la sita, mmoja alisema ni la saba.

Bienvenu aliyatazama matuta mawili, moja hili na moja lile. Aliuliza la saba ni la nani. Kabibi akamwambia hajulikani.

Basi mwanaume yule alivua koti, akapiga magoti kati ya yale mawili, akaanza kung'oa majani, akisafisha huku na huku. Kabibi aliweka daftari chini, akapiga magoti upande wa pili.